Dubu na king'ora: kisa cha chekechea za Israel

Saa nne asubuhi, tarehe 27 ya mwezi wa Nisani katika kalenda ya Kiyahudi, king'ora kinalia Israel nzima kwa dakika mbili. Magari yanasimama katikati ya barabara kuu, madereva wanashuka na kusimama kando ya milango iliyoachwa wazi. Abiria wa basi wanainuka vitini. Muuza mboga anaacha mizani na nyanya zake juu. Wakati huohuo, kwenye uwanja wa chekechea, mtoto wa miaka mitano amechuchumaa mchangani anajaza ndoo. Anainua kichwa. Watu wazima wote wamesimama kama miti na hakuna anayemtazama.

Kisa ninachokichambua kimo ndani ya dakika hizo mbili na nusu saa inayozifuata. Hakimhusu mtoto mmoja mwenye jina. Kinajirudia kila mwaka katika chekechea za nchi hiyo. Nimekichagua kwa sababu swali zima la namna ya kuwasaidia watoto wa Kiyahudi kujifunza kuwakumbuka watu wao waliouawa, hapa linapungua mpaka linashikika mkononi: kuna mwalimu mmoja, watoto ambao bado wanapelekwa kulala mchana, na sauti ambayo hakuna awezaye kuizima.

Mwaka 1951 Bunge la Israel, Knesset, liliitenga tarehe hiyo iwe siku ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi na washirika wao. Kwa Kiebrania inaitwa Yom HaShoah, siku ya Maangamizi. Sheria kamili ilipita mwaka 1959, na mwaka 1961 ikaongezewa kifungu cha kufunga kumbi za starehe tangu jioni ya kuamkia siku yenyewe. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na wafiwa mbele ya macho yao, maana nchi ilikuwa changa na imejaa watu waliotoka makambini na mafichoni, wengi wao wakiwa wamebaki peke yao katika ukoo. Mtoto wa chekechea hakuwa mlengwa. Lakini king'ora hakichagui masikio, na yeye pia anakisikia.

Kwa miaka mingi mambo yaliachwa mikononi mwa kila mwalimu. Wapo walionyamaza na kungoja dakika mbili zipite, na wapo waliosema kupita kiasi kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limewajaa kifuani tangu utotoni mwao. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu, chini ya waziri Shai Piron, ambaye ni rabi na mwalimu, ilitoa mpango wa taifa zima unaoanzia chekechea hadi darasa la 12. Wizara iliuandaa pamoja na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1953 huko Yerusalemu. Jina la mpango huo kwa Kiebrania lina maana ya "katika njia za kumbukumbu".

Tangazo lilizua mabishano makali. Wazazi na baadhi ya wanasaikolojia walisikia neno "chekechea" na neno "Maangamizi" katika sentensi moja wakashtuka, na mimi nasema kushtuka kwao kulikuwa kwa haki. Nani atamweleza mtoto wa miaka minne habari za vyumba vya gesi? Jibu la waliouandaa ni kwamba hakuna aliyekusudia hilo. Mtoto huyo tayari ameona mama akisimama sebuleni machozi yakimlengalenga. Tayari amekosa katuni zake jioni iliyotangulia. Kaka yake wa darasa la tano ameshamnong'oneza jambo kitandani. Kwa hiyo kusikia ameshasikia. Kilichobaki ni kujua nani atakaa naye baada ya kusikia.

Kwetu tunaijua hali hii. Msiba unapoingia nyumbani, turubai linafungwa uani, viti vya kukodi vinashushwa, mama amejifunga kanga analia, na mtoto anaambiwa babu amesafiri. Mtoto anaona kila kitu isipokuwa babu. Anakaa kungoja zawadi za safari. Wengi wetu tumewahi kuwa mtoto huyo, na tunakumbuka siku tuliyogundua kwamba watu wote wa nyumbani walijua isipokuwa sisi. Katika kisa hiki uongo wa "amesafiri" una uchungu wa ziada, kwa sababu Wanazi waliwadanganya Wayahudi kwa maneno ya namna hiyohiyo: waliwaambia wanahamishiwa mashariki, kwenye kazi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje hulikosa kirahisi. Siku ya king'ora inakuja takriban wiki moja baada ya Pasaka ya Kiyahudi kumalizika. Watoto hawa wametoka juzi tu kwenye meza ya Seder, karamu ya usiku wa Pasaka, usiku ambao mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayepewa nafasi ya kuuliza: kwa nini usiku huu ni tofauti na nyingine zote? Kitabu kinachosomwa mezani, Hagada, kinataja watoto wanne: mwenye hekima, mkaidi, asiye na makuu, na yule asiyejua kuuliza. Huyo wa nne baba anaambiwa amfungulie yeye mazungumzo. Maana yake ni kwamba Wayahudi wana ufundi wa zamani sana wa kusimulia mateso kwa watoto, na ufundi huo unaanzia kwenye swali la mtoto. Mwalimu wa chekechea hahitaji kuubuni upya.

Lakini hapo hapo pana mtego. Hadithi ya Pasaka ina bahari inayogawanyika. Farao anazama, watumwa wanavuka, watu wanaimba. Mwezi mmoja kabla yake watoto walikuwa wamevaa mavazi ya sikukuu ya Purimu na kupiga kelele kila lilipotajwa jina la Hamani, waziri wa Uajemi aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, na Hamani naye alishindwa. Mtoto aliyelishwa hadithi mbili za namna hiyo mfululizo atangoja bahari igawanyike katika hadithi ya tatu pia. Vita vilikwisha na Wanazi walishindwa, hilo ni kweli na ni lazima aambiwe. Ila wengi mno hawakuvuka. Mwalimu anatembea kati ya mambo haya mawili kuanzia dakika anapofungua mlango wa darasa.

Asubuhi yenyewe

Kwa maoni yangu sentensi ya kwanza ya siku hiyo isimtaje Hitler kabisa. Ihusu king'ora. Israel ina ving'ora vya namna mbili, na tofauti yake si jambo dogo kwa mtoto. Cha kumbukumbu kinatoa sauti moja iliyonyooka. Cha roketi kinapanda na kushuka. Mtoto wa Sderot, mji ulio jirani na Gaza, ambako toka kengele ilie hadi roketi ianguke kuna kama sekunde 15, amefundishwa kukimbilia chumba cha kinga kabla hajaweza kufunga kamba za viatu. Tangu Oktoba 7, 2023 na vita vilivyofuata, watoto wa sehemu nyingi zaidi za nchi wamezijua mbio hizo.

Kwa hiyo mwalimu anawakusanya kwenye duara mapema, saa mbili na nusu hivi, anawaambia: leo saa nne mtasikia king'ora. Si kile cha kukimbia. Kile kinapanda na kushuka, hiki kinakwenda sawa. Tutasimama pamoja, mimi nitakuwa hapa, kisha kitanyamaza na tutaendelea na siku yetu. Anaweza hata kuziiga sauti zote mbili kwa mdomo ili masikio yazoee. Anayetaka kushikwa mkono atashikwa. Anayetaka kuziba masikio azibe. Hakuna mtoto wa miaka mitano anayekosa heshima kwa wafu kwa kuziba masikio, na mwalimu anayemkaripia kwa hilo amemfundisha kwamba kumbukumbu ni adhabu.

Baada ya hapo ndipo yanakuja maneno yenyewe, na yawe machache. Zamani, kabla wazazi wenu hawajazaliwa, katika nchi za mbali, kulikuwa na watawala walioitwa Wanazi. Waliwachukia Wayahudi, wakaua wengi sana. Wayahudi hawakuwa wamefanya kosa lolote. Watawala wale walishindwa, hawapo tena. Leo tunawakumbuka waliokufa. Wapo wanaoona neno "kuua" ni zito kwa umri huo na wangependa "walipotea" au "waliteseka". Mimi nalitetea, mara moja tu, bila kueleza namna. Mtoto anayeambiwa watu milioni walipotea atauliza kwa nini hawatafutwi, na ana haki ya kuuliza hivyo.

Kisha king'ora kinalia. Kisha kinanyamaza. Maswali huja baadaye, mara nyingi wakati wa kunawa mikono au kula, na mara nyingi ni yaleyale: watakuja hapa? Hilo ndilo la kwanza hata mtoto anapolivalisha nguo nyingine. Akiuliza Ujerumani iko wapi, au kama mlango wa chekechea una kufuli, anauliza hilohilo. Jibu lake lisichelewe na lisizungushwe: hapana, wale hawapo, na wakubwa wako wanakulinda. Akiuliza kwa nini waliwachukia, mwalimu asianze historia ya chuki ya Ulaya ya miaka elfu mbili. Kwa umri huu linalotakiwa kuzama ni kwamba kosa lilikuwa la wenye chuki. Watoto wana tabia ya kudhani aliyeadhibiwa alikosea kitu, kwa sababu ndivyo wanavyoijua adhabu nyumbani.

Na akiuliza, "Bibi yangu alikuwa huko?" jibu zuri kuliko yote ni hili: muulize mama leo jioni, nimeshamwambia kwamba utauliza. Jibu hilo linawezekana tu ikiwa jana yake mwalimu aliwatumia wazazi ujumbe, akiwaeleza atakachosema, kwa maneno yaleyale, na asichokusudia kusema. Naliweka jambo hili juu kuliko vifaa vyote vya kufundishia. Mzazi akishikwa bila kujiandaa atajibu kwa hofu yake mwenyewe, na mtoto ataipokea hofu kabla ya maneno.

Dubu

Watoto hawakumbuki milioni. Wanakumbuka mmoja. Ndiyo maana watu wa Yad Vashem walishauri kwamba kwa wadogo ianze habari ya mtu mmoja, na tena aliyesalimika. Katika vitu vinavyofaa kwa kazi hiyo sijaona kinachomfikia dubu wa Fred Lessing.

Fred alizaliwa Uholanzi mwaka 1936. Wanazi walipoanza kuwakusanya Wayahudi wa huko, familia yake ilitawanyika kujificha, na yeye, akiwa na miaka sita, alihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba ya watu asiowajua. Mkononi alikuwa na dubu wa kuchezea, mdogo, wa kahawia. Mbwa alikuwa amemng'oa dubu huyo kichwa. Siku moja Fred aliugua mafichoni, na mama yake akajitosa njiani kwenda kumwona, safari ambayo ingeweza kumgharimu maisha. Mtoto hakumwomba dawa. Alimwomba amtengenezee dubu kichwa. Mama akachukua koti la Fred, akakata kitambaa cha bitana, akashona kichwa kipya.

Fred alikaa na dubu huyo maisha yake yote, hadi Yad Vashem walipomwomba awakopeshe kwa maonyesho ya michezo na vitu vya watoto wa Maangamizi, yaliyofunguliwa miaka ya 1990. Alikubali, na dubu akasafiri kutoka Marekani hadi Yerusalemu. Ukimwona, kichwa hakifanani na mwili: mwili una manyoya yaliyosuguliwa kwa kushikwashikwa, na kichwa ni cha kitambaa, kimeshonwa na mtu aliyekuwa na sindano, uzi na muda mfupi.

Tazama kile ambacho mtoto wa miaka mitano anakipata hapa. Anapata hofu, kwa kuwa kujificha mbali na mama ni hofu anayoielewa bila kuelezwa. Anapata upendo unaofanya kazi kwa mkasi na uzi. Anapata mtoto aliyekuja kuwa mzee. Hapati maiti, na hapati moshi. Mwalimu anaweza kuleta kitambaa cha bitana darasani wakakigusa kwa vidole. Anaweza kuwauliza wao wangebeba nini, ingawa mimi ningeliacha swali hilo, kwa sababu liko hatua moja tu kutoka kumwambia mtoto ajione yeye ndiye anayekimbia. Bora aulizwe: dubu alimsaidiaje Fred? Watoto wana mengi ya kusema juu ya dubu.

Sasa nifike kwenye kiini cha uchambuzi huu, yaani lile ambalo dubu hasemi. Wazazi wa Fred na kaka zake wawili walisalimika wote. Mama yake alikamatwa baadaye akafungwa katika kambi ya Bergen-Belsen, akatoka hai. Familia nzima ya Kiyahudi kukutana tena Uholanzi baada ya vita ilikuwa ajabu, kwa kuwa katika Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa nchini humo, zaidi ya 100,000 waliuawa, karibu robo tatu yao. Ukisimulia habari ya Fred peke yake ukaishia hapo, umesema kweli tupu na umeacha picha isiyo ya kweli.

Nadhani kosa la wengi waliobishana mwaka 2014 lilikuwa kulitazama jambo hili kama chaguo kati ya kusema na kutosema. Mwalimu wa chekechea anapochagua habari ya aliyerudi, anakopa. Anachukua imani ya mtoto kwa ahadi kwamba sehemu iliyobaki italetwa, kidogokidogo, na watu anaowaamini, kabla hajaikuta mwenyewe kwenye simu ya rafiki. Ni deni halali. Lakini deni lisilolipwa hugeuka uongo, na mwaka huo wa kugeuka hauko mbali: mtoto wa miaka tisa anajua kujumlisha. Atauliza, kama watu milioni 6 walikufa, mbona kila mtu tuliyesimuliwa yuko hai?

Ndiyo maana mpango huo unapanda ngazi. Kwa wadogo ni mtu mmoja. Baadaye ni familia, na hapo wapo wasiorudi. Kisha jamii, mji wenye sinagogi, shule, magazeti na timu za mpira, na namna mji huo ulivyofutwa. Kijana wa darasa la 11 au 12 anasoma nyaraka za wauaji wenyewe, na wengi wanasafiri kwenda Poland kuziona kambi. Yad Vashem wenyewe hawaruhusu watoto wa chini ya miaka 10 kuingia katika jumba lao kuu la historia ya Maangamizi, na sijui ushauri ulio wazi kuliko mlango uliofungwa. Walimu wao wana msemo wa kumwingiza mtoto salama na kumtoa salama. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayosahaulika: somo lisiishe kengele ya kwenda nyumbani inapolia huku watoto, katika mawazo yao, wakiwa bado wako kwenye treni ya kwenda kambini.

Kuna habari njema kabisa ambazo zinafaa umri mwingine. Janusz Korczak, daktari na mlezi wa nyumba ya yatima huko Warsaw, alikataa kuwaacha watoto wake wapatao 200 walipochukuliwa Agosti 1942, akaenda nao katika kambi ya mauaji ya Treblinka, na huko wakauawa wote. Kwa mtu mzima hiyo ni habari ya mwalimu kuliko wote. Mwalimu wa chekechea anavutwa kuisimulia kwa sababu anajiona ndani yake. Asiisimulie. Mtoto wa miaka mitano ataisikia hivi: mwalimu alinishika mkono, na bado nilichukuliwa. Mkono wa mwalimu ndio kitu kimoja alichonacho asubuhi hiyo. Korczak angoje miaka saba.

Yanayoharibu

Hapa sitakaa sana, kwa sababu makosa yanajulikana. Picha za maiti zikibandikwa ukutani kwenye usawa wa macho ya mtoto. Nyota ya njano, alama ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuivaa, ikibandikwa kifuani mwa mwanafunzi ili "ahisi". Darasa likizimwa taa na watoto wakiambiwa wajibane kama mafichoni. Jumba la kumbukumbu la Maangamizi la Washington, lililofunguliwa mwaka 1993, linawaonya walimu waziwazi wasifanye maigizo ya namna hiyo, na sababu iko wazi kwa aliyewahi kukaa na watoto. Kuna atakayeota usiku, na kuna atakayeona ni mchezo mtamu wa kujificha. Wote wawili wamekosa kitu. Machozi ya mwalimu si kosa, mradi mtoto aelezwe: ninahuzunika, nitakuwa sawa, sikukasirikia mtu hapa.

Kosa ambalo halisemwi sana ni kudhani kila mtoto wa Kiyahudi darasani ana babu aliyetoka Poland. Mmoja familia yake ilitoka Benghazi, na Wayahudi wa mashariki mwa Libya walipelekwa katika kambi ya Giado mwaka 1942, ambako mamia walikufa kwa njaa na magonjwa. Mwingine babu yake alikuwa Tunisia Wajerumani walipoikalia kwa miezi sita. Wa tatu bibi yake aliokoka ghasia dhidi ya Wayahudi wa Baghdad za Juni 1941. Na wa nne wazazi wake walitoka Ethiopia, na Maangamizi hayakuwagusa kabisa, lakini wana maombolezo yao ya maelfu waliokufa njiani wakipitia Sudan kwenda Israel miaka ya 1980. Mwalimu akiuliza "nani ana babu manusura?" amewagawa watoto katika makundi mawili kabla ya saa tatu. Duara la watoto likiambiwa "leo tunawakumbuka watu wetu," kila mmoja ana mahali pa kukaa.

Pia si Wayahudi wote wanaokumbuka kwa king'ora. Wengi katika jamii za Wayahudi wa kidini sana hawasimami kinapolia. Wao wana Kadishi, sala ya wafiwa, wana kisomo kwa ajili ya roho za marehemu, na wana tarehe 10 ya mwezi wa Teveti, ambayo marabi wakuu wa Israel waliiweka kuwa siku ya kuwasomea Kadishi wale ambao tarehe za vifo vyao hazijulikani. Kwa mtoto mdogo naona njia hiyo ya zamani ina faida zake. Mshumaa wa ukumbusho unaowaka saa 24 ni kitu anachoweza kukitazama jioni, akalala, akaamka asubuhi akakikuta bado kinawaka. King'ora kinamjia mtoto, na mshumaa anauendea mwenyewe.

Wasomaji wa Rwanda wataona mengi wanayoyajua. Kumbukumbu yao inaanza Aprili 7, mara nyingi karibu sana na siku hii ya Wayahudi, na ukumbusho wa Gisozi mjini Kigali ulijengwa kwa msaada wa watu waliokwisha kufungua kituo cha kumbukumbu ya Maangamizi Uingereza. Ukumbusho huo wa Gisozi una chumba cha watoto: picha, jina, umri, chakula alichokipenda, na namna alivyouawa. Mstari wa chakula unamfaa mtoto wa umri wowote. Mstari wa mwisho unamngoja akue. Mwalimu anayeingia pale na wanafunzi analazimika kujua ni mstari gani atasoma kwa sauti, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwalimu wa Haifa au Be'er Sheva saa nne asubuhi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilihesabiwa kwamba manusura waliobaki duniani ni karibu 245,000, na takriban nusu yao wako Israel. Waliokuwa watoto wakati ule ndio wazee wa sasa. Tangu mwaka 2011 watu wengi wamekuwa wakiwaalika sebuleni kwao jioni ya kuamkia Yom HaShoah, majirani wanakaa chini kwenye mazulia na mzee anasimulia. Mtoto wa chekechea huwa amelala chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo. Asipelekwe kukaa sebuleni, na mlango nao usifungwe kabisa. Asubuhi aruhusiwe kuuliza yule bibi alikuwa nani.

Kijana huyohuyo atafika siku moja Yad Vashem, akiwa na miaka 16 au 17, na atashuka katika ukumbusho wa watoto uliochimbwa ndani ya mwamba na kufunguliwa mwaka 1987. Ndani ni giza, na mtu anatembea akishika reli ya pembeni. Mwanga wa mishumaa michache unazidishwa na vioo mpaka unakuwa nyota zisizo na mwisho, na sauti inasoma bila kukoma jina, umri na nchi ya mmojammoja kati ya watoto milioni moja na nusu waliouawa. Hapo deni la dubu linalipwa, mbele ya majina ya wale ambao hakuna aliyefika na sindano. Ukumbusho huo ulijengwa kwa mchango wa Abraham na Edita Spiegel. Mtoto wao, Uziel, aliuawa katika kambi ya Auschwitz akiwa na miaka miwili na nusu, umri ambao angekuwa bado hajaanza chekechea.